Huduma ya mkoba ya uchunguzi wa saratani ni nini?

Huduma ya mkoba ni pale wahudumu wa afya wanapofunga vifaa vyao na kuwafuata watu waliko: kanisani, msikitini, sokoni, saluni. Kwa saratani, maana yake ni kuwapima watu ambao bado hawana dalili, hasa wale wanaokwamishwa na nauli, lugha au kukosa bima. Mtu asiyeumwa haoni sababu ya kupanga foleni hospitalini. Ukimngoja aje mwenyewe, atakuja uvimbe ukiwa umeshakomaa.

Hayo ndiyo yaliyotokea Harlem, mtaa wa Wamarekani Weusi jijini New York. Kati ya wanawake 606 waliotibiwa saratani ya matiti katika Hospitali ya Harlem kuanzia 1964 hadi 1986, karibu nusu walifika ugonjwa ukiwa hatua ya 3 au ya 4, zile za mwisho. Waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 39 tu.

Daktari wa upasuaji wa hospitali hiyo, Harold Freeman, alianzisha kliniki ya kupima matiti bila malipo mwaka 1979. Lakini aligundua jambo ambalo mipango mingi hulisahau mpaka leo: mwanamke anaweza kupimwa, akaambiwa ana kinundu, kisha asirudi kuchukuliwa kinyama cha kupelekwa maabara. Fomu za bima zinamshinda. Watoto hana wa kumwachia. Na hofu, jamani, hofu ya neno lenyewe saratani!

Kwa hiyo mwaka 1990 Freeman akaanzisha kazi ya wasindikizaji wa wagonjwa. Msindikizaji humpigia simu mgonjwa, humsaidia kujaza fomu, hukaa naye akisubiri daktari, wala hamwachi mpaka majibu yapatikane na matibabu yaanze. Miongoni mwa wanawake 325 waliotibiwa hapo kati ya 1995 na 2000, baada ya vipimo vya bure na usindikizaji kuunganishwa, asilimia 70 walikuwa hai miaka mitano baadaye.

Ndiyo maana siwezi kuliita huduma kamili gari linaloegeshwa mtaani siku moja, likapiga picha za matiti na kuondoka. Mwenye kinundu anahitaji kujua, kabla gari halijaondoka, ni nani atakayempigia simu Jumatatu.