Kumkanda titi na kumnywesha manjano: joto la tiba si la beseni

Nikiwa mfamasia wa dawa za saratani, huulizwa mara kwa mara: tukimkanda mama titi kwa maji moto, kisha anywe manjano, uvimbe hautayeyuka? Simcheki anayeuliza. Joto ni tiba halali ya saratani ya matiti, na baadhi ya mimea kweli ina kitu ndani yake. Tatizo ni beseni na kijiko.

Uholanzi, mwanamke ambaye saratani imemrudia kifuani, mahali palipokwisha kupigwa mionzi, hupewa mionzi tena pamoja na tibajoto. Mashine hupitisha mawimbi ya sumakuumeme kwenye mfuko wa maji uliolazwa juu ya ngozi, na uvimbe hupashwa kwa kama saa nzima hadi nyuzi 41 mpaka 43 za Selsiasi, vipimajoto vikiwa vimetegwa mahali hapo. Mionzi hukata DNA ya seli, nayo seli hukimbilia kuiunga. Joto hilo huvunjavunja BRCA2, mojawapo ya protini za kuungia, na jeraha hubaki wazi. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya majaribio matano yaliyowekwa pamoja, yenye wagonjwa 306: uvimbe ulitoweka kabisa kwa asilimia 59 ya waliopata mionzi na joto, na asilimia 41 ya waliopata mionzi pekee. Maisha hayakurefuka, lakini aliyewahi kuuguza kidonda cha saratani kifuani anajua thamani ya kidonda kukauka.

Hapa ndipo mimea inapoingia. Seli iliyopashwa joto hutengeneza haraka protini za mshtuko wa joto, kama HSP70, ambazo hunyoosha protini nyingine zilizopinda. Ukiipasha tena kesho yake unaikuta imeshavaa ngao, ndiyo maana tibajoto hutolewa mara moja au mbili kwa wiki. Mwaka 1990 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kwersetini, kemikali ya mimea iliyomo hata kwenye vitunguu maji, huzuia seli za saratani zisitengeneze protini hizo. Wazo likawa: mvue ngao kwanza, ndipo umchome. Kwangu mimi ni wazo zuri sana.

Ila lilifanyika kwenye seli za maabara, zilizoogelea ndani ya dawa. Ukinywa manjano, kurkumini yake, yaani kemikali inayosifiwa kuwa ndiyo dawa, karibu yote hupita tumboni bila kuingia kwenye damu, na kidogo kinachoingia ini hukibadilisha upesi. Mmea unaweza kuwa dawa kamili: paklitakseli, tunayowatundikia wagonjwa wa matiti kila wiki, ilitoka kwenye gome la mti wa Marekani Kaskazini. Lakini ilitengwa, ikapimwa kwa miligramu, ikapelekwa moja kwa moja kwenye mshipa. Hakuna aliyepona kwa kuchemsha gome.

Wajanja huongeza pilipili manga ili manjano ifyonzwe, na kweli hufyonzwa zaidi. Hapo ndipo ninapoogopa. Huko huko Uholanzi, Rotterdam, wagonjwa waliokuwa wakimeza tamoksifeni, kidonge cha saratani ya matiti, walipopewa kurkumini pamoja na piperini ya pilipili manga, kiasi cha endoksifeni kwenye damu, ambayo mwili huitengeneza kutokana na tamoksifeni na ndiyo inayofanya kazi hasa, kilishuka kwa takribani asilimia 12. Manjano ya kwenye mchuzi haina neno. Vidonge vya kurkumini ndivyo ninavyovizuia.

Na beseni? Damu inayozunguka hubeba joto na kulitawanya, hivyo ngozi itaungua kabla uvimbe haujafika nyuzi 41. Aliyekatwa titi huenda hasikii vizuri kifuani, akaungua bila kujua. Aliyetolewa tezi za kwapani mkono unaweza kuvimba zaidi kwa joto. Ukitaka kutumia mti wowote, njoo na pakiti yake au majani yenyewe kabla ya dripu, tuangalie pamoja na orodha ya dawa zako.