Usisubiri Hedhi Irudi: Maswali na Majibu kuhusu Vijiti na Kitanzi

Katika kazi yangu ya ukunga kuna maneno ninayoyasikia karibu kila siku ya kliniki: "Sista, nilikuwa nasubiri hedhi irudi kwanza." Anayeyasema ana mtoto mgongoni ambaye hajaanza hata kutembea. Ninapompapasa tumbo, nakuta mji wa mimba umeshafika kwenye kitovu. Hiyo ni miezi mitano. Majibu haya, kuhusu njia za muda mrefu za kuzuia mimba, ni kwa mama anayeishi mbali na kituo, ambaye safari moja ya kliniki humla siku nzima.

Njia za muda mrefu ni zipi?

Ni vijiti na kitanzi. Kijiti ni kifimbo laini cha sentimita 4 hivi, chembamba kama njiti ya kibiriti, kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, juu ya kiwiko, kwa upande wa ndani. Unachomwa ganzi, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kuna kijiti kimoja cha miaka 3 na vijiti viwili vya miaka 5. Kitanzi, ambacho wengine hukiita lupu, ni kifaa kidogo kinachokaa ndani ya mji wa mimba. Kile cha shaba hufanya kazi miaka 10. Katika wanawake 1,000 wenye kijiti, anayeshika mimba ndani ya mwaka ni mmoja hivi. Wa kitanzi cha shaba hawafiki 10. Wa vidonge, kwa jinsi vinavyomezwa na kusahauliwa majumbani, ni kama 70.

Nimejifungua na hedhi haijarudi. Si bado siwezi kushika mimba?

Unaweza. Yai hutangulia, hedhi hufuata. Yai likitoka lisikutane na mbegu, hedhi huja wiki mbili hivi baadaye. Likikutana nayo, hedhi haiji, nawe unaendelea kusubiri kitu ambacho sasa hakiji kwa sababu una mimba. Kwa mama asiyenyonyesha, yai linaweza kutoka hata kabla hajatimiza wiki 6 tangu ajifungue. Kwa hiyo usisubiri hedhi.

Lakini mimi nanyonyesha.

Kunyonyesha kunakinga kwa masharti matatu, na yote lazima yawepo kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku bila maji wala chakula kingine, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha siku hiyohiyo. Wengi hushika sharti la tatu wakasahau mawili ya kwanza. Mtoto ana miezi tisa, anakula, na mama bado anasema "nanyonyesha". Mama, hiyo si kinga tena.

Ni lini basi niwekewe baada ya kujifungua?

Kijiti, wakati wowote, hata kabla hujatoka wodini. Kitanzi, ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, au kuanzia wiki ya 4. Unaendelea kunyonyesha kama kawaida. Lizungumze ukiwa bado mjamzito, ili siku ya uchungu ikifika liwe limeshaandikwa kwenye kadi yako.

Nikija bila hedhi, si nitaambiwa nirudi?

Hapa nasema na wenzangu wa kazi. Mama ametembea saa mbili na mtoto mgongoni, nawe unamwambia "rudi ukiwa kwenye siku zako". Hatarudi. Au atarudi kuanza kliniki ya wajawazito. Maswali machache yanatosha kutujulisha kwamba hana mimba: amejifungua ndani ya wiki 4? Anatimiza yale masharti matatu? Hajakutana na mwanamume tangu ajifungue? Likipatikana jibu moja la "ndiyo", mhudumie leo. Wala hahitajiki daktari. Muuguzi au mkunga aliyefunzwa anaweka na kutoa.

Kitanzi hupanda hadi moyoni? Vijiti huleta utasa?

Hapana, na hapana. Kitanzi hakina njia ya kufika moyoni. Vijiti vikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayoweza kuchelewesha, na hata hiyo hailetei mtu utasa.

Natokwa na matone ya damu tangu niweke kijiti. Nikitoe?

Matone ni ya kawaida, hasa miezi ya mwanzo, na kitanzi cha shaba nacho huongeza hedhi na maumivu kwa miezi 3 hadi 6. Njoo, ipo dawa ya kupunguza. Ukiwa na homa, maumivu makali ya tumbo au mkono unaotunga usaha, njoo siku hiyohiyo.

Ila wembe, hapana. Nimeusafisha mkono wa mama aliyekatwa nyumbani kwa wembe: kidonda kina usaha, na kijiti bado kimo ndani. Alikuwa ameshakwenda kituoni mara mbili kuomba kitolewe, akaambiwa avumilie. Kutolewa ni haki yake, siku anayoomba. Anayewekea watu vijiti na hataki kuvitoa anawafukuza akina mama kwenye huduma.

Kuna wa kumwambia mhudumu kitu kabla?

Ndiyo. Dawa za kifafa, rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya VVU zinaweza kupunguza nguvu ya kijiti, basi zitaje. Na njia hizi hazizuii VVU wala kaswende. Kondomu bado inahitajika.

Mwanangu ana miezi 8, hedhi haijarudi. Nije lini?

Leo. Tutapima mkojo. Ukionyesha huna mimba, utawekewa kijiti leo, utumie kondomu siku 7, kisha upime tena baada ya wiki 3 au 4, kwa sababu mimba changa sana kipimo huweza kuikosa. Ikigundulika ilikuwepo, kijiti hakimdhuru mtoto, tutakitoa. Kitanzi ndicho kitakachongoja hadi tuwe na hakika. Hedhi hatuingoji.