Dawa ya presha haili akili

Ngamiani, Tanga, nilimkuta shangazi yangu amefunga vidonge sita kwenye pindo la kanga. Siku sita hajameza. "Mwanangu, vinanipumbaza. Naingia jikoni, nasahau nilichofuata."

Watu wengi mitaani huamini kwamba dawa za presha hula akili. Kinachoila ni presha yenyewe. Ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa midogo ya ubongo, na wala haiumi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019, SPRINT MIND, ulionyesha kuwa walioshushwa namba ya juu ya presha kulenga chini ya 120 walipata dalili za awali za kupoteza kumbukumbu kwa uchache kuliko waliolenga chini ya 140.

Wengine husema: "Zinaleta huzuni." Hofu hii ina chanzo. Miaka ya 1950 baadhi ya waliotumia riserpini, dawa ya presha iliyotokana na mzizi wa mmea, waliripotiwa kuingiwa na majonzi mazito. Baadaye lawama ikahamia kwa propranololi, dawa nyingine ya presha, na jamii yake. Hizo huweza kuleta uchovu na ndoto za ajabu, lakini tafiti zilipokusanywa pamoja hazikuonyesha kwamba zinaleta sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Mwaka 2020 watafiti wa Denmark walipitia dawa 41 za presha: hakuna iliyoongeza sonona, na tisa, amlodipini ikiwemo, ziliendana na sonona pungufu.

Je, shangazi alisema uongo? Hasha. Methildopa na klonidini, nazo dawa za presha, husinzisha. Vidonge vya kukojoza vinaweza kupunguza chumvi ya damu hadi mzee akachanganyikiwa. Hapo ni kukimbilia hospitali. Presha ikishuka mno, mtu akiinuka huona kizunguzungu. Yote hayo yana marekebisho, ila aambiwe tabibu. Kuacha kimyakimya ndiko ninakokuogopa: klonidini ikikatwa ghafla presha hupanda kwa kishindo.

Wapo pia wanaosema: "Najisikia vizuri, nimepona." Hapana. Mara nyingi hiyo ni kazi ya dawa.

Kesho yake tukaenda zahanati. Shangazi akafungua pindo mezani, akaeleza yote. Tabibu alimpima ameketi, akampima tena amesimama, kisha akauliza: "Shikamoo mama, na kingine unachomeza ni kipi?" Shangazi akatoa kidonge kidogo cha mafua alichonunua duka la dawa, anakimeza kila usiku tangu mvua zianze. Tabibu akakiweka pembeni. "Hiki mama, ndicho kinachosinzisha. Na wazee huwasahaulisha."