Mburuto: kwa nini trauti anamkataa nzi wako

Katika uvuvi wa trauti, samaki wa mito baridi, chambo ni nzi bandia, na mburuto ni hali ya nzi huyo kuvutwa na mshipi badala ya kuchukuliwa na maji. Nzi akishaburutwa, hata kidogo, huacha kwenda kama mdudu aliyeangukia mtoni, na trauti humpisha. Anayeanza uvuvi huu humaliza siku nzima akibadilisha nzi, mweusi kwa kahawia, mkubwa kwa mdogo, kumbe nzi wa kwanza alikuwa sawa na kosa lilikuwa kwenye mshipi.

Tuanze na samaki mwenyewe. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Scotland na kuwapandikiza katika mto Gura, unaoshuka kutoka safu za Aberdare nchini Kenya. Huko, na kwenye vijito baridi vya Mlima Kenya, trauti huishi kama anavyoishi kwao: hukaa akielekeza kichwa maji yanakotoka na kungoja chakula kiletwe. Hujibanza nyuma ya jiwe, au kwenye ukingo ambapo maji mapole yanapakana na maji ya kasi, ili asichoke kupambana na mkondo. Mamia ya vitu humpita kwa siku: majani, vijiti, mapovu, wadudu. Kinachomwambia kwamba hiki ni chakula ni umbo na ukubwa wake, pamoja na mwendo wake. Mdudu mdogo hana nguvu ya kushindana na mto, kwa hiyo huenda kwa kasi ileile ya maji yaliyombeba. Kitu kinachokata maji na kuacha mkia wa mawimbi nyuma yake kinamtia shaka.

Sasa mshipi unaingiaje? Nzi bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana. Hana uzito wa kurushika, na hapa hatutumii chubwi. Uzito umo kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene, na kati yake na nzi kuna uzi mwembamba usioonekana kwa urahisi. Mshipi huo mnene ndio unaolala juu ya maji, na mto hauendi kwa kasi moja. Kando maji ni ya taratibu, katikati yanakimbia, nyuma ya jiwe yanazunguka. Tuseme umesimama ukingo huu na nzi wako ametua kwenye maji mapole ya ng'ambo. Mkondo wa katikati utaubeba mshipi kwanza, mshipi utapiga tumbo kuelekea maji yanakokwenda, na tumbo hilo litamvuta nzi kwa nguvu. Aliyewahi kuvua kwa mshipi baharini mkondo ukiwa umekaza anaijua hali hii mkononi, ila kule samaki husamehe zaidi.

Jinsi ya kuutambua mburuto ni rahisi: chagua povu lililo karibu na nzi, uwatazame wote wawili. Wakienda sambamba, uko salama. Nzi akilipita povu, au akibaki nyuma, au akikata kwenda upande, anaburutwa.

Dawa ya kwanza ni miguu. Sogea. Tafuta mahali ambapo kati yako na samaki pana mikondo michache, ikiwezekana nyuma yake, urushe kuelekea maji yanakotoka. Mimi huona hatua tatu ndani ya maji zina faida kuliko mrusho wowote wa ustadi, na wengi huzionea uvivu. Ukiwa karibu, inua fimbo juu ili sehemu kubwa ya mshipi isiguse maji kabisa.

Usipoweza kusogea, upindue mshipi. Mara tu nzi anapotua, inua ncha ya fimbo na uuzungushe mshipi ulio majini, tumbo lake lielekee maji yanakotoka. Mkondo utatumia sekunde kadhaa kulinyoosha tumbo hilo kabla ya kuanza kuvuta, na sekunde hizo ndizo unazovulia. Fanya mapema, mshipi ukiwa bado umelegea, kwa sababu ukisubiri hadi ukaze utamng'oa nzi mahali pake. Kama mrusho wako ni mzuri, tikisa fimbo kidogo huku mshipi ukienda, utue kwa mawimbimawimbi na sio kama rula.

Kwa nzi wanaozama mambo hugeuka kidogo. Maji ya chini, karibu na mawe, huenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo kielea chako, kile kinachoelea juu kwenye mshipi, kikienda sawasawa na mapovu, huko chini nzi anakimbizwa. Kinapaswa kuchelewa kidogo.

Zipo nyakati mburuto hutakiwa, kwa mfano ukiiga mdudu anayeteleza juu ya maji akitaka kuruka, au kisamaki kinachokimbia. Hapo unauleta kwa kukusudia.

Mburuto mbaya kuliko yote ni ule usiouona. Ukiwa mita kumi na tano kutoka kwa nzi, msogeo wa upana wa kidole haukufikii machoni, lakini trauti yuko chini yake kabisa. Akipanda, akatazama, kisha akageuka, usifungue kisanduku cha nzi bado. Refusha ule uzi mwembamba, piga hatua moja upande, urushe tena nzi yuleyule.