Ukifungua tovuti ya kliniki, nani mwingine anajua?

Mtu akigundua uvimbe kwenye titi, au akiona dalili anayoogopa kuitaja hata kwa mwenziwe, siku hizi mara nyingi huanzia kwenye simu yake. Hutafuta kliniki, hufungua tovuti yake, husoma ukurasa wa huduma inayomhusu, kisha huangalia saa za kazi. Hajaandika jina wala hajaomba miadi. Hata hivyo, anwani ya ukurasa aliousoma imekwisha kusema jambo kuhusu afya yake, na huenda si kliniki peke yake iliyolisikia.

Ndiyo maana suala la vidakuzi, au kuki kama wengi wanavyoviita, ni zito zaidi kwenye tovuti ya afya kuliko kwenye tovuti ya kuuza viatu. Ningependa kila mgonjwa alielewe, na kila mwenye kliniki alielewe mara mbili zaidi.

Kidakuzi ni kipande kidogo cha maandishi, kwa kawaida kisichozidi kilobaiti 4, ambacho tovuti hukiomba kivinjari chako, yaani programu unayofungulia tovuti kama Chrome, kikihifadhi kwenye simu au kompyuta. Ukifungua ukurasa mwingine wa tovuti hiyohiyo, kivinjari hukirudisha kwa seva iliyokitoa, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti hiyo. Lou Montulli alikibuni mwaka 1994 alipokuwa akifanya kazi Netscape, kwa sababu mfumo wa wavuti hauna kumbukumbu: kila ukurasa unaouomba, seva hukuona mgeni mpya. Kidakuzi hufanya kazi kama namba unayopewa mapokezini. Namba yenyewe haisemi unaumwa nini, ila aliyeitoa akiiona tena anajua ni wewe yuleyule.

Vidakuzi ambavyo kliniki ndogo inavihitaji kweli ni vichache mno. Kimoja hushikilia miadi unayoijaza, ili ukishachagua tarehe usirudi mwanzo unapochagua saa. Kingine huilinda fomu hiyo dhidi ya watu wanaojaribu kutuma maombi bandia kupitia kivinjari chako. Kama kuna sehemu ya wagonjwa kuingia kwa nenosiri, kutakuwa na kidakuzi cha kukutambua mpaka utoke. Hata jibu lako la kukataa vidakuzi visivyo vya lazima huhifadhiwa kwa kidakuzi, la sivyo ungeulizwa upya katika kila ukurasa. Hivi havingoji ridhaa yako, kwa kuwa bila hivyo huduma uliyoiomba haiendi. Kliniki inatakiwa tu ivieleze kwa lugha inayoeleweka.

Vinavyotia wasiwasi ni vile ambavyo mwenye kliniki hakukusudia kuvileta. Kliniki ndogo aghalabu haina fundi wake wa kompyuta. Tovuti hutengenezwa na mtu wa nje kwa kiolezo kilicho tayari, kisha vitu huongezwa kimojakimoja: ramani ya kuonyesha njia, video ya daktari akieleza upasuaji, kisanduku cha kuchati, kitufe cha mtandao wa kijamii, programu ya kuhesabu wageni. Kila kimoja huletwa kutoka kwenye seva za kampuni nyingine. Kivinjari chako kikienda kukichukua, kampuni hiyo hupata anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, na kwa kawaida hujua pia ni tovuti gani uliyopo. Ikiwa ni msimbo unaoendeshwa ndani ya ukurasa wenyewe, kama zilivyo pikseli za matangazo, yaani vipande vya msimbo vinavyofuatilia wageni kwa ajili ya matangazo, unaweza kusoma anwani kamili ya ukurasa, hadi jina la ugonjwa lililoandikwa ndani yake. Kampuni ikiwa na kidakuzi chake kwenye simu yako, au ikiwa umeingia kwenye akaunti yake, huweza kuunganisha ziara hiyo na mambo mengine inayoyajua juu yako. Daktari aliyekula kiapo cha kutunza siri za wagonjwa anazitoa nje bila hata kujua.

Haya yametokea. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliichukulia hatua kampuni ya GoodRx, ambayo husaidia watu kupata dawa kwa bei nafuu, kwa kupeleka taarifa za afya za watumiaji wake kwa Facebook, Google na wengineo kwa ajili ya matangazo. Ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5. Mwaka huohuo BetterHelp, inayotoa ushauri nasaha mtandaoni, iliamriwa kulipa dola milioni 7.8 kwa kosa la aina hiyo. Hizo ni kampuni kubwa zenye wanasheria. Kliniki ya madaktari wawili hutumia pikseli zilezile, na haina wa kuiuliza.

Sasa kuhusu ridhaa. Kibango cha kuomba ruhusa ya vidakuzi tunachokutana nacho kila tunapofungua tovuti kimetokana zaidi na Ulaya: agizo la mwaka 2002 kuhusu faragha ya mawasiliano, lililorekebishwa mwaka 2009 ili kutaka ruhusa kabla ya kuweka vidakuzi visivyo vya lazima, na GDPR, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018. GDPR huziweka taarifa za afya katika kundi la pekee linalohitaji ulinzi mkubwa zaidi. Tarehe 1 Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya Planet49 kwamba kisanduku kilichotiwa alama tayari si ridhaa. Mtu lazima atende jambo mwenyewe. Na mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa binafsi, CNIL, iliitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook milioni 60, uamuzi uliotangazwa Januari 2022, kwa sababu kukubali kulihitaji bonyezo moja ilhali kukataa kulihitaji mabonyezo kadhaa.

Kwa hiyo unapoona kibango chenye kitufe kikubwa cha rangi cha "Kubali" na maandishi hafifu ya "Mipangilio", jua kwamba hujaombwa ridhaa sawasawa. Kitufe cha kukataa kinapaswa kuwa palepale, kwa ukubwa uleule. Na ukishakubali, kubadili nia kunapaswa kuwa rahisi kama kukubali kulivyokuwa. Tafuta kiungo cha vidakuzi chini kabisa ya ukurasa.

Kasoro nyingine haionekani kwa macho: kibango kipo, lakini vidakuzi vilishawekwa kabla hujagusa chochote. Kwenye kompyuta unaweza kulithibitisha mwenyewe. Fungua tovuti katika hali fiche (incognito), usibonyeze kibango, bonyeza F12, kisha nenda sehemu iitwayo Application au Storage uangalie orodha ya vidakuzi. Ukikuta majina ya kampuni za matangazo, kibango hicho ni pambo. Mwenye kliniki, fanya jaribio hili leo kwenye tovuti yako.

Kwa maoni yangu, kliniki ndogo haina sababu ya kuweka pikseli ya matangazo hata moja. Ramani inaweza kuwa picha yenye kiungo. Video inaweza kungoja mgeni aibonyeze ndipo ipakiwe. Idadi ya wageni inaweza kuhesabiwa kwa programu isiyotumia vidakuzi wala kutuma taarifa nje. Tovuti ikibaki na vidakuzi vya lazima tu, kibango cha kuomba ridhaa hakihitajiki tena, unatosha ukurasa mmoja wa maelezo.

Mgonjwa naye ajue mipaka ya kitufe cha kukataa. Hakifuti vidakuzi vilivyowekwa zamani. Hivyo utavifuta mwenyewe kwenye mipangilio ya kivinjari. Hakizuii seva ya kliniki kuona anwani yako ya IP. Wala hakihusu unachokiandika kwenye fomu, ambacho huenda moja kwa moja kwa anayeiendesha, na wakati mwingine huyo ni kampuni ya nje. Kama jambo lako ni nyeti, andika jina na namba ya simu tu, na maelezo ya ugonjwa uyaache mpaka ukutane na daktari.