Pembe ya tembo si pembe

Kwenye vijiwe vya Idodi na Tungamalenga, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, hukosi wa kusema: “Pembe za tembo zikikatwa, si zitaota tena, kama kucha?” Hapana.

Jina ndilo linalotuponza. Pembe ya ng'ombe huota juu ya mfupa wa kichwa. Ya tembo ni jino la mbele la taya la juu, lililorefuka kupita kiasi. Karibu theluthi yake imezama ndani ya fuvu, na ndani mna nyama laini yenye neva, kama lile jino lako linalokukesha usiku. Ndiyo maana jangili huua kwanza, kisha hupasua uso kwa shoka.

Kweli, hukua maisha yote, na ncha ikivunjika kipande kilichobaki hurefuka. Iking'oka na mzizi, basi.

Na wale majike wa Ruaha wasio na pembe kabisa? Hawakukatwa, walizaliwa hivyo. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwaua wengi wenye pembe, wasio nazo wakabaki kuzaa.