Bibi mpelelezi si kachero mstaafu

Kila watu wanapotajiana riwaya za upelelezi, Willy Gamba na Bwana Msa wa riwaya za Kiswahili, pamoja na Miss Marple wa Agatha Christie, hutiwa kapu moja, na huyo bibi wa Kiingereza huelezwa kwa maneno mawili tu: "kachero mstaafu". Wengine husema "polisi wa zamani". Jambo hili limesemwa mno sasa, na si kweli.

Maana ya aina ya hadithi anayotokea bibi huyu ni fupi. Ni hadithi ya kijiji au mji mdogo ambako watu wanajuana. Mtu anakufa kifo chenye utata (damu haioneshwi sana, lakini mtu kafa kweli, si hadithi ya watoto), watuhumiwa wote ni majirani, na anayelifumbua fumbo ni mtu mzima asiye na cheo, aghalabu mwanamke, ambaye hakuna aliyemtuma. Huyo ndiye mpelelezi wa ridhaa, kama tusemavyo mchezaji wa ridhaa.

Watu huteleza hapo kwenye ridhaa. Mpelelezi wa ridhaa hana kitambulisho wala leseni, hana mteja, na mtu akikataa kumjibu, basi. Polisi aliyestaafu kweli amevuliwa mamlaka, ila bado ana mafunzo, ana vijana wake kituoni wanaompokea simu, na ana mazoea ya kumtazama kila mtu kama mshukiwa. Mpe bibi yule miaka thelathini ya upolisi na hadithi imekufa, maana raha yake yote ni kwamba anajua bila kufundishwa.

Agatha Christie aliliweka hili wazi tangu mwanzo. Miss Marple alitokea mara ya kwanza Desemba 1927, katika hadithi fupi. Watu sita wamekaa sebuleni kwake, kijijini St. Mary Mead, wakakubaliana kila mmoja asimulie kisa ambacho mwisho wake anaujua yeye tu, wengine wabashiri. Kachero mstaafu yumo humo humo! Ni Sir Henry Clithering, aliyekuwa kamishna wa Scotland Yard, yaani makao makuu ya polisi wa London, na ndiye anayesimulia kwanza.

Kisa chake ni hiki. Mume, mke na mwanamke aliyekuwa akiishi nao walikula chakula cha usiku, wote wakaugua, mke akafa. Baadaye kwenye karatasi ya kukaushia wino yakasomeka mabaki ya barua ya mume: habari ya kifo cha mkewe, na maneno "mamia na maelfu". Wageni wa Miss Marple, akiwemo mwanasheria, kasisi na mpwa wake mwandishi wa vitabu, wanasikia pesa za urithi. Bibi anayefuma anasikia jikoni. Kwa Waingereza hilo ni jina la chengachenga za sukari za rangi zinazonyunyizwa juu ya kitindamlo, na kitindamlo cha namna hiyo kilikuwa mezani usiku ule. Sumu ilikuwa kwenye chengachenga. Mume alizikwangua zake. Na mtumishi wa ndani alikubali vipi kuzinyunyiza? Hapo bibi anamkumbuka mwanamume mmoja wa kijijini, mheshimiwa kabisa, ambaye baada ya kufa ilibainika kuwa alizaa watoto watano na aliyekuwa mtumishi wake; basi mume wa kisa hiki naye alikuwa na uhusiano na mtumishi.

Scotland Yard yenyewe iliujua ukweli kwa kuwa tu yule mtumishi aliungama akiwa kitandani anakufa.

Ndiyo maana kijiji si pambo la hadithi. Kijiji ndicho maktaba yake. Miss Marple humpima mgeni kwa jirani anayefanana naye, na ili uwe na majirani wa kutosha kichwani lazima uwe umeishi sana mahali pamoja, na uwe umesikiliza umbea bila haya. Uzee unamsaidia kwa njia nyingine pia: nani atanyamaza kwa sababu kikongwe amekaa pembeni anahesabu mishono?

Kuna kikwazo kimoja ambacho wajuzi watanitupia, nacho ni cha haki. Katika riwaya ya 1971, tajiri mmoja anamwachia Miss Marple pauni 20,000 kwa sharti la kufumbua jambo asiloambiwa hata ni lipi. Analifumbua, pesa anachukua. Basi ni malipo. Lakini hakufungua ofisi, na kwangu mimi mara moja ukongweni haimgeuzi mtu kuwa mtaalamu.

Tofauti na Mma Ramotswe wa Gaborone, ambaye naye hutiwa kundi hili kwa sababu visa vyake ni vya upole na chai haikauki mezani. Yeye aliuza ng'ombe aliorithi kwa babake akafungua wakala wa upelelezi, akaweka kibao, wateja wakaja. Huyo ni mpelelezi binafsi, tena anajivunia. Jessica Fletcher wa Cabot Cove, aliyeonekana kwenye televisheni ya Marekani kuanzia 1984 hadi 1996, yuko upande wa Miss Marple: mwalimu wa zamani wa Kiingereza, sasa mwandishi. Kustaafu amestaafu, ila ualimu.

Na wa kwetu? Willy Gamba ni jasusi wa serikali, mtoeni kabisa. Bwana Msa si polisi, kwa hiyo neno ridhaa linamkaa vizuri. Lakini kiko chake na namna yake ya kufikiri vinamrudisha kwa Sherlock Holmes, kama wahakiki walivyosema siku nyingi, si kwa bibi wa kijijini. Ukitaka kumtambulisha Miss Marple kwa mtu ambaye hajamsoma, mwambie ni jirani mzee anayejua mambo ya watu. Hapo hujamkosea.